Mikono Minne Chini ya Gari la Baba

Baba yangu si mtu mwema, na nawaomba watakaosoma haya wasinitumie ujumbe wa kunikumbusha radhi za wazazi. Radhi nazijua. Nimezitafuta nikiwa nimelala chali juu ya saruji, chini ya gari, huku mafuta ya difu, ile gia ya baina ya magurudumu ya nyuma, yakinidondokea shingoni.

Gari lenyewe ni jeep refu la Kijapani, rangi ya mchanga, alilolinunua zamani alipokuwa mpimaji wa ardhi serikalini. Alikuja Maskati kijana kutoka Unguja, na baada ya miaka michache haikubaki wadi, yaani bonde la mto mkavu, wala ramla aliyoshindwa kupita nalo. Ramla ndiyo ile nchi ya mchanga mtupu iliyoko Bidiya, vilima juu ya vilima, ambako watu wetu wanakwenda kupunga upepo wakati wa baridi. Nyuma gari lilikaa juu ya springi za bamba, zile chuma ndefu zilizolazwa moja juu ya mwenzake, ngumu kama roho ya mwenyewe. Kila shimo la nchi hii lilipanda kwenye springi zile, likapita kwenye kiti, likaingia katika uti wa mgongo wa baba. Uzeeni pingili zikawa zimesagika. Akaanza na fimbo, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, na daktari akampiga marufuku njia zote mbovu. Gari likafunikwa turubai uani mwa nyumba yetu ya Sib, naye akawa anakaa barazani kutwa nzima analitazama. Mguu ulikufa nguvu, ulimi ukazidi makali.

Mimi ni injinia. Nakaa Ansab peke yangu, ofisi yetu iko Khuwair ya Kusini, na sijaolewa, jambo ambalo baba hulitaja kila Ijumaa baina ya wali na matunda. Kaka yangu kazi yake ni kukaa kwenye kiti kizuri na kutia saini, hajui tofauti ya difu na dafu. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimpa baba spana, mimi ndiye niliyejifunza kwa kusikiliza tu kwamba bushi fulani, ule mpira wa kwenye maungio, imekufa. Kaka alikuwa ndani anaangalia televisheni. Alipotimia umri wa leseni alipewa ufunguo wa gari lile akazungukie mji. Mimi mpaka nywele zimeanza kuwa na mvi sikuwahi kushika usukani wake. Baba alisema gari halitaki mtu wa kuogopa.

Kwetu Ijumaa, watu wakishaswali na kula, lazima apatikane mtu wa kuchekwa. Ni ada ya nyumba. Anachaguliwa mmoja, anachimbwa mpaka chai iletwe, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Siku moja zamu ilikuwa yangu, na mimi katika kujitetea nikasema kwamba naweza kulitengeneza gari la baba upya chini, limpeleke Bidiya na mgongo wake asiusikie.

Baba aliweka kikombe chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Haya, nyote mashahidi," akasema. "Nkifika ramlani mgongo haujanuma, gari yake. Namwandikia jina lake. Ikinuma, gari ya kaka yake, na yeye asinambie tena habari za uinjinia ndani ya nyumba hii."

Watu wakapiga makofi. Kaka akacheka, akaniambia nisijisumbue, kwani akilipata atanipa lifti. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalitaka gari lile kuliko nilivyowahi kutaka mume. Na zaidi ya gari, nilitaka baba yangu aseme mbele ya watu walewale kwamba nimeweza.

Nieleze nilichokifanya, kwa ufupi, maana nimeshazoea watu kupiga miayo. Springi za bamba hufanya kazi mbili kwa pamoja: zinabeba uzito, na zinaishika ekseli, ule mhimili wa magurudumu, isikimbie. Nilizitenganisha kazi hizo. Uzito niliuweka juu ya springi za koili, zile za kuviringika, laini. Ekseli nikaishikisha kwa mikono minne ya bomba nene la chuma: miwili mirefu chini, imekwenda mbele kushikana na chesisi, ile fremu ya gari, na miwili mifupi juu, imetanuka kama miguu ya mtu aliyekaa kitako, ili ekseli isipige mbavu huku na huku. Gurudumu moja likipanda jiwe, linapanda peke yake, na bodi inabaki imetulia.

Ukiichora mistari ya mikono hiyo na kuirefusha, inakutana mahali fulani mbele, hewani, pasipo na chuma chochote. Nukta ile haionekani, lakini ndiyo inayoamua kama gari likikanyagwa mafuta litachuchumaa nyuma au litasimama imara. Majira ya joto yote nilikuwa naisogeza kwenye kompyuta, kidogo juu, kidogo chini, natoboa upya matundu ya kufungia, naanza tena. Niliipenda nukta ile. Sioni haya kusema hivyo, kuna watu wanapenda paka.

Vipimo nilivichukua uani Sib, siku za mapumziko, nimeingia chini ya gari na futi kamba, baba juu yangu barazani. Mabomba ya kwanza yaliporudi kutoka kwa mchomeaji aliyatazama, akaniuliza ni choo cha nyumba gani nilichokibomoa. Siku nyingine alimwambia msichana anayemhudumia, binti wa Kiganda, mpole, afungue maji aoshe gari. Nilikuwa chini yake. Maji na matope ya miaka yalinishukia usoni, nikatoka natema mate, na baba anacheka mpaka anajishika mgongo kwa maumivu.

Yule binti alisimama na mpira wa maji mkononi, machozi yanamlengalenga. "Madam, pole sana. Mimi nimesema uko chini. Baba amesema yalla, fungua tu."

"Mwache," baba akasema. "Injinia hayeyuki."

Sikukasirika mbele yake. Nilirudi Ansab nimelowa, nikalia kwenye gari langu dogo pale kwenye taa za barabarani, na taa ilipogeuka kijani nikafuta uso, nikaenda zangu kuchora.

Kikabaki kitu kimoja, springi. Springi za koili zinachaguliwa kwa uzito. Ukiweka ngumu, umerudi kulekule kwa bamba. Ukiweka laini kupita mzigo, gari linalala mpaka ekseli inakalia ile mipira inayoizuia isigonge chesisi, na hapo springi haifanyi kazi tena, ni sawa na kukaa juu ya jiwe. Mambo haya niliyaeleza Ijumaa moja mbele ya wote, na kwa mara ya kwanza baba alinisikiliza. Hakunikatiza. Aliinamisha kichwa, akauliza swali la maana kabisa.

"Na ikizidishiwa mzigo?"

"Itakalia mipira, baba. Itakuwa inagonga kila mahali."

"Ah," akasema.

Mjinga mimi, nilifurahi. Nilidhani amependezwa. Nikamwuliza nani watapanda siku hiyo ya safari, akanijibu bila ya kufikiri. "Mimi, wewe, mamako, na msichana wa kunshika. Basi." Nikamfuata mama jikoni, nikamwuliza habari ya mizigo. "Mizigo gani, mwanangu?" akasema. "Babako mgonjwa. Chai na mandazi tu, tupunge upepo turudi." Mama alikuwa anasema alivyoambiwa.

Basi nikachagua springi za watu wanne na chupa ya chai. Nataka mtu wa kwetu yeyote anayesoma haya acheke sasa hivi, nampa ruhusa. Nani katika sisi amewahi kwenda ramlani na chupa ya chai? Sisi hata tukienda kumsabahi mgonjwa hospitali tunakwenda na sufuria. Nilikuwa nimekokotoa kila pembe ya kila mkono mpaka nikaota nambari, na jambo ambalo shangazi yangu yeyote angeniambia bila kuulizwa sikulifikiria, kwa sababu nilitaka sana kuamini kwamba safari ile ni yangu na baba.

Nililijaribu gari kwanza kwenye wadi moja kavu, na mifuko ya mchanga badala ya watu. Lilipita juu ya mawe kama mtu anayetembea juu ya zulia. Niliona kwenye kioo cha pembeni gurudumu linaruka na kushuka huku mimi nimekaa kimya, wala bega halinitikisiki. Nikacheka peke yangu humo ndani kama mwendawazimu.

Asubuhi ya safari nilifika Sib, nikakuta gari za jamaa zimejaa nje ya geti. Baba alikuwa barazani, kanzu nyeupe, kofia mpya, amenyoosha fimbo yake kama askari wa barabarani.

"Tieni kwenye yangu!" alikuwa akiwaambia. "Gari yangu imetengenezwa na injinia. Pakieni, msiogope."

Na walipakia. Sufuria la biriani ambalo wanaume wawili walilibeba kwa taulo. Jingine la mchuzi. Mtungi wa gesi na jiko lake. Majerikeni ya maji, gunia la mkaa, mabusati, mito, sanduku la barafu na mbuzi mzima ndani yake aliyekatwakatwa. Halafu shangazi zangu wawili, ambao si wembamba, wakapandishwa viti vya nyuma kabisa kwa kusukumwa. Nilikuwa nimezoea kupitisha kiganja baina ya tairi na bodi. Nilipochutama sasa, haukupita hata wembe.

"Baba," nikasema, "gari imekaa."

"Imekaa wapi?"

"Kwenye mipira. Uzito umezidi. Tugawe mizigo kwenye gari nyengine."

Akawageukia watu wote. "Anasema uzito umezidi. Basi ateremke yeye, apunguze."

Walicheka wote, na shangazi kule nyuma wakacheka mpaka gari likatikisika, au lingetikisika kama lingekuwa bado lina springi za kutikisika. Kaka alikuwa amesimama karibu, miwani ya jua usoni. Baba akanitazama, sauti chini sasa. "Kama hutaki kuendesha, sema. Kaka yako huyu hapa."

Nikaingia nyuma ya usukani. Mara yangu ya kwanza kukiendesha chombo kile na baba yumo ndani ilikuwa ni hiyo.

Tuta la kwanza liko palepale mtaani kwetu. Ekseli iligonga, mshindo ukapanda hadi kwenye meno yangu. Baba, pembeni yangu, alikaza taya, kisha akatabasamu. "Maashaallah," akasema. "Injinia." Tuta la pili, pigo jingine. "Maashaallah." Kwenye barabara kuu kila kiungo cha daraja kilikuwa ni nyundo, na kila nyundo ilikuwa na Maashaallah yake. Sijawahi kusikia neno jema likitumika vibaya vile.

Kufika nusu ya njia akanyamaza. Nilimtupia jicho, nikaona mdomo umegeuka mweupe na jasho linamshuka kwenye mashavu, na kiyoyozi kinavuma. Yule binti wa Kiganda, aliyekaa nyuma yake, alinigusa bega kwa siri.

"Madam, Baba anaumia. Shingo yake yote ni maji. Tafadhali simama."

Nilisimama pembezoni. Gari za jamaa nazo zikasimama nyuma yetu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaanza kuvuta majerikeni.

"Unafanya nini?" baba akaniita kupitia dirishani.

"Nayateremsha. Unaumia."

"Nani kasema naumia?"

"Baba, nakuona."

"Mimi sijasema kitu kinanuma. Nkiumia ntasema. Rejesha maji ya watu, tumechelewa." Na mama, masikini, akaniambia kutoka kiti cha nyuma, "Rejesha, mwanangu. Usibishane na babako." Jamaa walikuwa wamesimama barabarani wanatazama. Nikarejesha.

Hapo ndipo nilipofahamu. Alikuwa hawezi kusema kwamba anaumia, kwa sababu akisema ningepunguza mzigo, na mzigo ukipungua ningeshinda. Basi alimeza. Njia ya changarawe kabla ya mchanga ni mistari mitupu kama ubao wa kufulia, na kila mstari ulimpiga palepale penye pingili zilizosagika, naye ameshika mshikio wa juu, macho mbele, anatabasamu. Nilikwenda polepole kadiri nilivyoweza. Nilimwonea huruma, kisha nikaichukia huruma ile, nikamchukia na yeye, nikaendelea kuendesha.

Tulipofika chini ya vilima watu waliteremka, wakatandika mabusati. Baba alibebwa na wanaume wawili, akalazwa juu ya mito, hawezi kukaa. Alingoja mpaka wote wamekusanyika. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imenuma. Imenuma tangu mlangoni kwangu." Akanyoosha kiganja. Nikamwekea ufunguo. Akampa kaka.

Hakuna aliyecheka mara hiyo. Shangazi mmoja alijifanya anatafuta chumvi.

Nilingoja mpaka wamekwenda kuwasha mkaa, nikachutama karibu naye.

"Ulijua," nikasema.

"Nlijua nini?"

"Kwamba watapakia. Kwamba itagonga."

"Mimi nimepeleka watu ramlani kabla hujazaliwa," akasema, macho yamefumba. "Gari tupu kila mtu anaweza kuitengeneza."

"Nilikuuliza, baba."

"Mimi ulinuliza nani atapanda. Mizigo ukaenda kumwuliza mamako." Akafumbua jicho moja. "Tangu lini mamako akaijua ramla?"

Alikuwa ameniumiza kwa makusudi, amejiumiza mwenyewe zaidi ili aniumize mimi, na juu ya yote hayo alikuwa anasema kweli. Nilikwenda nyuma ya kilima nikapiga teke mchanga mpaka kiatu kikatoka.

Wakala, wakanywa, wakapiga picha. Baada ya Alasiri wakaanza kufunga virago. Masufuria yalikuwa matupu na meusi kwa masizi, na kaka akasimama mbele ya mlango wa nyuma wa gari, mikono ameipanua.

"Humu hakiingii kitu," akasema. "Msinletee masizi kwenye gari yangu. Na nyinyi shangazi, samahani, pandeni kule. Baba anataka nafasi anyooke."

Kwa hivyo vyote vikaingia kwenye gari ya binamu yetu, vyote na shangazi, na mimi nikapata nafasi nyuma ya dereva, sufuria la biriani mapajani. Mbele yetu likatangulia gari la baba. Ndani yake baba, mama, yule binti, na kaka. Watu wanne na chupa ya chai.

Tulilifuata njia yote ile ya changarawe. Kutoka nyuma unaona kila kitu: ekseli, koili, na mikono yangu minne. Gurudumu la kulia lilipanda, la kushoto likashuka, yakabadilishana, haraka, kama vidole vya mtu anayepiga kinanda, na juu yake bodi ilikwenda moja kwa moja bila ya kuinama. Kaka hakupunguza mwendo, hakuona haja. Palikuwa na korongo ambalo asubuhi lilimtoa baba ukelele wa ndani, akaugeuza kikohozi. Gari lilipita juu yake, mikono ikakunjuka, ikakunjika, basi. Kupitia kioo cha nyuma niliiona kofia ya baba imeegemea kiti, imelala upande. Haikutikisika. Alikuwa amelala.

"Gari inakwenda vizuri ile," binamu akasema.

Nikamwambia ndiyo. Masizi yalikuwa yamenijaa mikononi na kwenye buibui, na sikuweza hata kufuta macho.

Sib tulifika nyuma yao kidogo. Kaka alikuwa anamsaidia baba kuingia kwenye kiti chake, na baba, uso umerudi rangi, alimshika bega mbele ya sisi wote.

"Umeendesha vizuri, mwanangu," akamwambia. "Njia nzima nimelala. Sikusikia hata jiwe."

Nilisimama pale getini na sufuria. Akaniona. Nikaapa moyoni kwamba akisema neno moja jema nitamsamehe yote, la maji na la ufunguo.

"Na wewe," akasema, "hizo chuma zako zinalia huko nyuma. Kesho njoo uzitie grisi."

Nikaenda, nikazitia.